Kutofautisha Magitaa ya Besi ya Fender: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Mara ya Kwanza

Mweka hazina wa kwaya moja alifika ofisini kwetu akiwa na gitaa la besi ndani ya mfuko wa turubai, pamoja na risiti iliyokunjwa mara nne. Wanakwaya walikuwa wamechanga kwa mwaka mzima. Muuzaji aliwaambia kuwa gitaa hilo ni "Fender Jazz, orijino ya Marekani", na bei waliyolipa ililingana na maelezo hayo. Kichwani mwa gitaa palisomeka kweli maneno Fender na Jazz Bass. Mwili wake, hata hivyo, ulikuwa wa aina nyingine iitwayo Precision. Pikapu yake ilikuwa ya Precision pia. Na hapakuwa na alama yoyote ya nchi lilikotengenezwa. Tulipoikunjua risiti tulikuta maandishi haya tu: "gitaa 1".

Muuzaji alipoulizwa alikana kuitaja Marekani. Alisema aliuza gitaa, na gitaa lilipokelewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mlaji, lakini ili sheria ifanye kazi yake ni lazima ijulikane muuzaji alisema nini kuhusu bidhaa na bidhaa yenyewe ni nini. Jambo la kwanza halikuandikwa popote. Jambo la pili mweka hazina hakulijua siku ile aliponunua, ingawa lilikuwa wazi mbele ya macho yake, na angeweza kulithibitisha kwa futi kamba ya fundi cherehani.

Makala haya yanahusu jambo hilo la pili. Tumechagua chapa ya Fender kwa sababu maumbo ya magitaa yake ya besi yameigwa kuliko ya chapa nyingine yoyote, na kwa sababu jina lake hutamkwa madukani hata pale ambapo bidhaa haihusiani nalo. Hatumshauri mtu anunue chapa hii wala aiache. Tunachotaka ni kwamba anayelipia Precision apewe Precision, na anayelipia gitaa la Marekani asipewe lililotoka kwingine.

Majina yalikotoka

Mwaka 1951, Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton katika jimbo la California, alianza kuuza gitaa la besi la umeme aliloliita Precision Bass. Kabla ya hapo mpiga besi wa bendi alibeba besi kubwa ya kusimama, chombo kirefu kuliko yeye mwenyewe, kigumu kusafirishwa na kisichosikika vizuri penye tarumbeta na ngoma. Besi hiyo ya kusimama haina freti, yaani vile vijiti vya chuma vilivyolazwa kukingama shingo. Mpigaji hutafuta sauti kwa sikio na mazoea. Fender aliweka freti, na kwa hiyo kidole kikibana mahali pake sauti hutoka sahihi bila kubahatisha. Hiyo ndiyo maana ya neno Precision: usahihi.

Umbo la Precision tunalolijua leo halikutoka mwaka huo. Lile la kwanza lilikuwa na mwili bapa, kichwa chembamba na pikapu moja ndogo iliyonyooka. Mwaka 1957 kampuni ilibadili kichwa, bamba la plastiki la usoni na pikapu, na tangu hapo sura yake haijabadilika sana. Mwaka 1968 sura ile ya zamani ilirudishwa sokoni kwa jina jingine, Telecaster Bass. Kwa hiyo mtu akikuonyesha besi yenye kichwa chembamba na mwili bapa, usidhani papo hapo kuwa umeonyeshwa kitu cha bandia.

Jazz Bass ilifuata mwaka 1960 na Mustang Bass mwaka 1966. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1965, Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS. Yapo na majina mengine, na tutayagusa kwa kadiri yanavyoweza kumchanganya mnunuzi. Lakini ukizifahamu Precision, Jazz na Mustang, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Anza kutazama chini, si kichwani

Mnunuzi mgeni hutazama kwanza kichwa cha gitaa, mahali palipoandikwa jina. Sisi tunashauri kichwa kitazamwe mwisho. Nembo ya kichwani ni karatasi nyembamba iliyobandikwa juu ya mbao na kupakwa vanishi. Hakuna sehemu ya gitaa iliyo rahisi kughushi kuliko hiyo.

Kuna sababu nyingine. Shingo ya besi ya Fender haikugundishwa mwilini. Kwa kawaida imefungwa kwa skrubu nne zinazopita katika bamba la chuma nyuma ya gitaa. Mpango huu ulirahisisha utengenezaji na ukarabati, na ni mzuri. Lakini maana yake ni kwamba mtu mwenye bisibisi anaweza kuondoa shingo moja na kufunga nyingine kwa muda wa dakika chache. Shingo ya Jazz hukaa katika mwili wa Precision bila shida, na wapigaji wengi hufanya hivyo kwa hiari yao kwa kuwa wanapenda sauti ya huyu na wembamba wa shingo ya yule. Kubadilisha shingo si kosa. Kosa ni kuuza gitaa la namna hiyo kwa maelezo kwamba limetoka kiwandani vile lilivyo.

Kwa hiyo weka gitaa mapajani au mezani, uso wake ukielekea juu, na uanzie mwilini.

Mwili, pikapu na vitufe

Pikapu tunayoizungumzia hapa si gari. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba na kuwekwa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa na kwenda kwenye amplifaya. Idadi ya pikapu, umbo lake na mahali ilipowekwa ndivyo vinavyoifanya besi moja ilie tofauti na nyingine. Ndivyo pia vitambulisho vya haraka zaidi.

Precision ya kawaida ina pikapu moja tu, nayo imegawanyika vipande viwili visivyokaa katika mstari mmoja. Kipande kimoja kiko chini ya nyuzi mbili nene, na cha pili, kilichosogezwa pembeni, kiko chini ya nyuzi mbili nyembamba. Ukiona vipande viwili vilivyopishana hivyo katikati ya mwili, unatazama pikapu ya Precision. Vitufe vya kuzungusha ni viwili, kimoja cha kuongeza na kupunguza sauti na kingine cha toni, vyote vikiwa juu ya bamba lilelile la plastiki linalofunika uso wa gitaa. Tundu la kuchomekea waya liko hapohapo.

Jazz ina pikapu mbili ndefu zilizonyooka kama rula fupi, moja karibu na kati na nyingine karibu na daraja, yaani kile chuma cha nyuma kinachoshikilia nyuzi. Vitufe vyake kwa kawaida ni vitatu: kila pikapu ina kitufe chake cha sauti, na cha tatu ni cha toni. Vitufe hivyo na tundu la waya havikai juu ya plastiki, bali juu ya bamba la pekee la chuma king'aavyo. Jazz za mwanzo kabisa zilikuwa na vitufe viwili vilivyopandana, kimoja juu ya kingine, na mtindo huo umetolewa upya katika matoleo yanayofuata sura ya zamani.

Mwili nao husema. Simama hatua tatu nyuma ulitazame gitaa likiwa limesimamishwa. Kiuno cha Precision kimebonyea pande zote mbili karibu sawa kwa sawa. Kiuno cha Jazz kimebonyea upande mmoja juu zaidi kuliko upande wa pili, hata mwili mzima unaonekana kama mtu aliyeegemea ukuta. Ukishaliona umbo hilo mara moja hutalisahau.

Hapa tuongeze besi ambayo wauzaji huiita "PJ". Ni Precision iliyoongezewa pikapu moja ya Jazz karibu na daraja. Fender yenyewe huitengeneza, na kampuni nyingine nyingi pia. PJ si Jazz, hata kama ina pikapu mbili. Tazama ile ya mbele, ikiwa imegawanyika vipande viwili vilivyopishana, basi asili yake ni Precision.

Katika kelele ya umeme tofauti hizi zina matokeo ambayo mlaji anapaswa kuyajua kabla ya kurudisha bidhaa dukani kwa hasira. Vipande viwili vya pikapu ya Precision vimesukwa kwa namna ambayo mvumo wa umeme unaoingia katika kimoja hufutwa na cha pili. Jazz hufanya vivyo hivyo kwa pikapu zake mbili, lakini pale tu zote mbili zinapofunguliwa kwa kiwango sawa. Ukipunguza sauti ya pikapu moja, mvumo husikika, hasa karibu na taa za tyubu au katika jengo ambalo umeme wake hauna waya wa ardhini. Huo si ubovu wa gitaa. Kwa upande mwingine, Precision inayovuma sana wakati wote, na mvumo ukakoma pale unapogusa nyuzi au chuma cha daraja, yapasa ichunguzwe na fundi kabla hujailipia, kwa kuwa huenda kuna waya uliokatika au uliounganishwa vibaya.

Ama kuhusu sauti yenyewe, maneno hayatoshi na masikio hutofautiana. Kwa ujumla Precision ina sauti moja nene inayokaa imara chini ya wimbo na kuubeba. James Jamerson alipiga nyimbo nyingi za studio za Motown mjini Detroit kwa Precision ya mwaka 1962. Jazz ina sauti nyingi kwa sababu ya zile pikapu mbili, na pikapu yake ya nyuma hutoa mlio mkavu unaojitokeza mbele. Jaco Pastorius aliijulisha dunia sauti hiyo kwa Jazz yake ya mwaka 1962 iliyoondolewa freti. Kwa kwaya inayohitaji besi moja ya kutegemewa, ambayo mikono tofauti itaishika kila wiki, sisi tungeanza na Precision: vitufe viwili tu, na machache ya kuharibu. Hayo ni maoni yetu, na mpigaji wenu ana haki ya kuyapinga.

Futi kamba

Sasa tufikie kipimo ambacho watu wengi hawakichukui, nacho ndicho kinachogusa mkono wa mpigaji moja kwa moja. Pima kutoka kizingiti, yaani kile kijiti chenye mifereji ambamo nyuzi hupita zikiingia kichwani, hadi freti ya 12. Freti hiyo huitambua kwa urahisi, kwa maana kwenye shingo nyingi imewekewa nukta mbili badala ya moja. Kipimo utakachopata kizidishe mara mbili. Hicho ni urefu wa uzi unaotetemeka.

Precision na Jazz zote zina urefu wa inchi 34, takribani sentimita 86.4. Hivyo kutoka kizingiti hadi freti ya 12 utapata sentimita 43.2. Mustang ina inchi 30, yaani sentimita 76.2, na nusu yake ni sentimita 38.1. Tofauti ya sentimita tano katika nusu ya uzi haihitaji jicho la fundi.

Kwa mtu mzima mwenye mikono mirefu, tofauti hiyo huenda isiwe kitu. Kwa kijana wa miaka 13, au kwa mtu yeyote mwenye kiganja kidogo, ni tofauti kati ya kujifunza na kukata tamaa. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne kwenye besi ya inchi 34 kuna kama milimita 130 ambazo vidole vinne vinatakiwa kuzifikia. Kwenye besi ya inchi 30 ni kama milimita 114. Mzazi anayemnunulia mtoto asisikilize neno "ya watoto" wala "ya wakubwa". Achukue futi kamba, kisha amwombe mtoto aweke mkono.

Urefu huu unahusu pia fedha utakazotumia baadaye. Nyuzi za besi huuzwa kwa urefu. Seti iliyotengenezwa kwa besi fupi haitafika kwenye vigingi vya besi ndefu. Na seti ya besi ndefu ikifungwa kwenye besi fupi, ile sehemu nene ya uzi italazimika kukunjwa kwenye kigingi, na huweza kukatika. Nyuzi za besi fupi hazipatikani katika kila duka. Uliza bei na upatikanaji wake mapema.

Mustang ya asili utaitambua, pamoja na urefu huo, kwa mwili wake mdogo na pikapu moja ndogo iliyogawanyika, yenye vifuniko vya mviringo. Matoleo ya karibuni yako pia yenye pikapu za mpango wa PJ. Bronco, ambayo huuzwa chini ya jina la Squier, nayo ni ya inchi 30 na ina pikapu moja iliyonyooka. Besi iitwayo Jaguar ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu chini ya jina hilo pametolewa besi za inchi 34 na za inchi 30 pia. Jina halikusaidii kitu hapo, na kipimo pekee ndicho kitakachokujibu. Kuna pia Bass VI, ya tangu mwaka 1961, yenye nyuzi 6 zilizokaribiana, ambazo hulia oktava moja chini ya gitaa la kawaida. Ni chombo cha kuvutia, lakini kinamhitaji mpigaji anayekijua. Anayejifunza besi asipewe hicho kwa sababu tu kimeandikwa Bass.

Ukiwa bado na futi kamba mkononi, pima upana wa shingo pale kwenye kizingiti. Jazz ina milimita 38. Precision za sasa zina kama milimita 41, na za mtindo wa zamani hufika 44. Milimita tatu zinaonekana si kitu kwenye karatasi, ila kiganja huzihisi mara moja. Kipimo hiki ndicho kilichotuonyesha kuwa shingo ya gitaa la ile kwaya ilikuwa ya aina ya Jazz juu ya mwili wa Precision. Usikitumie peke yake kumshutumu mtu, hata hivyo, kwa kuwa yako matoleo halali ya Precision yanayotoka kiwandani yakiwa na shingo nyembamba.

Fender, Squier, na nchi ya utengenezaji

Sasa ndipo tunapotazama kichwa. Fender ni kampuni moja yenye majina mawili makubwa katika magitaa haya. Squier, jina lililoanza kutumika kwenye magitaa mwaka 1982, ni mali ya Fender na limekusudiwa kwa bidhaa za bei ya chini. Kichwani huandikwa Squier kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, "by Fender". Squier si gitaa la bandia. Nyingi ni ala nzuri, na kwa anayeanza huenda ndiyo ununuzi wa busara kuliko wote. Tatizo hutokea pale mtu anapoonyeshwa yale maneno madogo na kuficha yale makubwa, au pale neno Squier linapokwanguliwa. Telezesha kidole juu ya nembo: vanishi iliyokwaruzwa, au karatasi ambayo ukingo wake unasikika chini ya kidole, ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Jina Fender lenyewe halina maana ya Marekani. Kampuni ina kiwanda Corona, California, na kingine Ensenada, nchini Mexico, umbali wa safari ya saa chache kwa gari kati yake. Na kuna Fender zilizotengenezwa Japani tangu mwaka 1982. Squier zimetengenezwa katika nchi mbalimbali za Asia, zikiwamo Indonesia na China. Gitaa la Mexico ni Fender halali kabisa. Lakini bei yake na bei ya lile la Corona hazilingani, mara nyingi kwa tofauti kubwa, na ndiyo maana neno "Marekani" hutamkwa kwa wepesi sana madukani.

Nchi huandikwa kichwani, mbele au nyuma, pamoja na namba ya mfululizo. Kwa magitaa ya kawaida yaliyotengenezwa tangu mwaka 2010, namba ya Marekani huanza na herufi US na ya Mexico huanza na MX, kisha hufuata tarakimu mbili za mwaka. Namba ya MX kwenye gitaa linaloitwa la Marekani inatosha kumaliza mjadala. Namba ya US, kwa upande mwingine, haitoshi kuthibitisha chochote, kwa kuwa anayeweza kughushi nembo anaweza pia kughushi namba. Inafaa pale tu inapokubaliana na mwili, pikapu, kipimo na bei.

Yako majina ya matoleo yanayobeba miaka ndani yake, na haya yamewapotosha hata watu waangalifu. Gitaa lililoandikwa '60s halikutengenezwa miaka ya 1960. Limetengenezwa juzi kwa kufuata sura ya miaka hiyo. Squier ina matoleo ya namna hiyo, na Fender pia. Anayekuuzia "Jazz ya sitini na mbili" akueleze kama anakusudia mtindo au umri.

Na kuhusu magitaa yenye umbo la Precision ambayo hayana jina la Fender kabisa, msiyaite bandia. Mwaka 2009 bodi inayosikiliza mashauri ya alama za biashara nchini Marekani iliikatalia Fender kusajili maumbo ya miili ya magitaa yake matatu, likiwamo la Precision, kwa sababu maumbo hayo yalikuwa yametumiwa na watengenezaji wengi kwa miaka mingi. Kampuni inayotengeneza besi ya umbo hilo na kuiuza kwa jina lake yenyewe haimdanganyi mtu. Kubandika jina la Fender juu ya gitaa hilo ni jambo jingine, na hapa nchini linaangukia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Dukani, kabla ya kulipa

Nenda na mpigaji, au mwombe fundi wa vyombo akusindikize. Gharama ya nauli yake ni ndogo. Gitaa lichomekwe kwenye amplifaya. Zungusha kila kitufe polepole na usikilize kama linakwaruza. Bana kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, jambo ambalo muuzaji mwenye haraka hatalipenda. Kisha litazame gitaa kutoka upande wa kichwa, jicho likifuata ukingo wa shingo kama seremala anavyotazama ubao, uone kama imepinda au imejisokota. Shingo iliyopinda kidogo hurekebishwa kwa kukaza au kulegeza chuma kilichomo ndani yake. Iliyojisokota ni shida ya kudumu. Kama nyuma ya mwili pana kifuniko cha betri, basi besi hiyo inatumia betri ya volti 9 na haitalia ikiisha. Precision na Jazz nyingi za kawaida hazihitaji betri, kwa hiyo uliza ni toleo gani.

Ikiwa ni gitaa lililotumika na bei yake ni kubwa, omba shingo ifunguliwe mbele yako. Kwenye mguu wa shingo, sehemu inayofichwa na mwili, Fender mara nyingi imeandika au kupiga muhuri wa tarehe. Muuzaji ana haki ya kukataa, na wewe una haki ya kuondoka.

Mwishowe ni risiti. Mbali na kuwa ya mashine ya EFD, hakikisha inaeleza bidhaa kwa ukamilifu. Na kama mashine haina nafasi ya maelezo marefu, pata karatasi ya pili yenye jina la duka, saini na tarehe. Kwa kwaya ile, maneno ya namna hii yangetosha: "Gitaa la besi, Fender Precision, limetengenezwa Mexico, namba ya mfululizo MX (tarakimu zote), rangi nyeusi, limetumika, shingo si ya asili." Anayenunua kwa kikundi awe na nakala mbili, moja ibaki kwa mwenyekiti.

Maelezo hayo yaandikwe na muuzaji mwenyewe, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia kuinadi bidhaa. Kama alisema "orijino", aandike "orijino". Kama alisema "Marekani", aandike "Marekani". Akisita kuliandika neno alilolitamka dakika chache zilizopita, mwulize sababu wakati fedha zingali mfukoni mwako.